Kamera Inataka Uso

Hotuba kwa watayarishaji na watangazaji wa vipindi vya magari

Mabibi na mabwana, waongozaji, wapiga picha, na ninyi mnaoshika usukani huku mkizungumza na kamera: asanteni kwa kunialika. Nimeombwa nizungumzie usalama, na najua neno hilo linavyopokelewa. Likitajwa tu, watu huanza kutazama simu zao. Basi tuliweke kando kidogo, nizungumzie picha.

Mimi ni mhariri wa video. Mhariri yeyote atawaambia kwamba mtangazaji aliyevaa kofia ngumu ni hasara mezani kwake. Mdomo hauonekani, macho yamefichwa nusu, sauti inatoka kama ya mtu aliyetumbukia kwenye pipa. Kile kicheko cha ghafla gari linapoteleza, ile hofu inayopita usoni kabla hajaificha, vyote vimebaki ndani ya kofia. Ndiyo maana kwenye uwanja wa kurekodia huwezi kusikia mtu akiamuru helmeti ivuliwe. Utasikia sauti ya upole tu: "Hapa tungependa kukuona uso." Mtangazaji anaivua, inawekwa kiti cha nyuma, kazi inaendelea.

Naomba tukubaliane kuhusu hilo kabla hatujaenda mbali. Tunapenda kusema kwamba watangazaji hawavai helmeti kwa sababu ya ushujaa, au majivuno, au kutojali. Mara nyingi si kweli. Helmeti huvuliwa kwa ajili ya kamera. Na kama ni hivyo, basi anayeamua ivaliwe lini hapaswi kuwa mtu anayefaidika na picha. Si mwongozaji, si mhariri kama mimi, wala si mtangazaji mwenyewe.

Tuchukue mfano ambao wengi wenu mmekua nao: Top Gear ya BBC, ile iliyoanza upya mwaka 2002 katika uwanja wa zamani wa ndege wa Dunsfold, Surrey, kusini mwa Uingereza. Kwenye njia ile walipita madereva wa aina tatu. Alikuwapo Stig, dereva asiyesema neno, ambaye kwa miaka mingi alivaa helmeti nyeupe yenye kioo cheusi. Kwake helmeti ndiyo ilikuwa uso wake. Walikuwapo wageni mashuhuri, waigizaji na wanamuziki, waliopewa gari la kawaida kabisa wazunguke nalo na kuhesabiwa muda. Halafu walikuwapo watangazaji wenyewe, Jeremy Clarkson, Richard Hammond na James May, wakijaribu magari ya gharama kubwa na nguvu za kutisha.

Sasa angalieni nani alivaa nini. Mgeni aliyeketi ndani ya Suzuki Liana, gari la familia lenye injini ya lita 1.6, alivalishwa helmeti. Na kwa haki kabisa, maana mwigizaji Michael Gambon alikaribia kulipindua kwenye kona ya mwisho, likaenda kwa magurudumu mawili, na kona ile ikaitwa kwa jina lake tangu siku hiyo. Lionel Richie naye gurudumu lilimchomoka. Lakini mtangazaji aliyekuwa akilipeleka kiubavu gari lenye nguvu mara nne au tano ya ile Liana, matairi yakifuka moshi, mara nyingi alikuwa na nywele zake tu kichwani.

Kama mpangilio huo ungefuata hatari, ungekuwa kinyume chake. Haukufuata hatari, ulifuata kazi ya kila mtu mbele ya kamera. Mtangazaji alitakiwa kuzungumza na mtazamaji, kwa hiyo alihitaji uso. Na hapa nina ubishi na wenzangu wa fani: wale wageni waliovaa helmeti tuliwaona vizuri sana! Tuliyaona macho yao, tuliwasikia wakilaani gia na kujicheka wenyewe. Sehemu ile ilikuwa kati ya zilizopendwa zaidi katika kipindi kizima, na ilitengenezwa na watu wenye helmeti. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba helmeti inaua kipindi, namuuliza ni kipindi gani hicho ilichokiua.

Lakini sitawadanganya. Picha nyingine haziwezi kupatikana ukiwa umeivaa. Mwaka 2004 Clarkson aliendesha Ariel Atom, gari ambalo ni fremu ya mabomba tu, halina kioo cha mbele wala milango. Aliliendesha kichwa wazi, na kasi ilipopanda upepo ukaingia mdomoni, mashavu yakavimba na kutetemeka mpaka sura ikapotea. Hakuna maelezo ya fundi yanayoweza kumfahamisha mtazamaji kasi ya gari lile kuliko yale mashavu. Ningekuwa mimi nahariri, ningepigania picha ile isikatwe. Ndiyo sababu nasema nisiulizwe mimi. Mtu anayeyaona mashavu hayo kama dhahabu hawezi wakati huohuo kufikiria jiwe dogo linalorushwa na tairi la gari lililo mbele.

Turudi kwenye helmeti yenyewe, maana kuna jambo ambalo wapenda usalama huliruka. Helmeti si kinga ya kila mahali. Ndani ya gari lililofungwa, lenye paa, mikanda ya kawaida ya pointi tatu na mifuko ya hewa, hesabu yake si rahisi. Helmeti ya kufunika uso wote ina uzito wa takriban kilo moja na nusu. Gari likigonga, kiwiliwili kinazuiwa na mkanda, kichwa kinaendelea mbele, na shingo ndiyo inayobeba tofauti. Ukiongeza kilo hiyo na nusu, umeiongezea shingo mzigo. Mifuko ya hewa nayo imebuniwa kupokea kichwa kitupu. Kwa hiyo mtangazaji anayeendesha gari jipya la familia kwa mwendo wa barabarani bila helmeti hafanyi kosa lolote, na msimzomee.

Jambo hili la shingo lilifundishwa kwa vifo. Tarehe 18 Februari 2001, katika mashindano ya Daytona nchini Marekani, Dale Earnhardt aligonga ukuta kwenye mzunguko wa mwisho na kufa kwa kuvunjika kitako cha fuvu, pale fuvu linapokutana na shingo. Alikuwa amevaa helmeti ya uso wazi. Hakuwa na kifaa cha kushikilia kichwa, ingawa kilikuwapo: HANS, ile kola ngumu inayokaa mabegani na kufungwa kwenye helmeti, ilibuniwa na Robert Hubbard, profesa wa mekanika ya mwili, pamoja na shemeji yake Jim Downing aliyekuwa dereva wa mashindano. Kilibuniwa miaka ya 1980. Madereva walikikataa kwa miaka, wakisema kinabana. Kabla mwaka 2001 haujaisha NASCAR, wasimamizi wa mashindano yale ya Daytona, ikalazimisha HANS au kifaa kingine cha namna hiyo, na Formula 1 ikalazimisha HANS mwaka 2003. Kifaa hicho huhitaji mikanda ya mashindano inayopita juu ya mabega yote mawili. Huwezi kukivaa na mkanda wa kawaida ukategemea kifanye kazi.

Kwa hiyo ulinzi wa kichwa ni seti. Paa au upinde wa chuma juu ya kichwa, mikanda inayolingana, kiti kinachokushika, helmeti, na kizuizi cha shingo. Ukiondoa kimoja, vingine hubadilika maana. Swali la kwanza siku ya kurekodi lisiwe "Utavaa helmeti?" bali "Gari hili likipinduka, kichwa kitagusa nini?"

Swali hilo liwekeni mbele yenu tuangalie ajali mbili.

Tarehe 20 Septemba 2006, uwanja wa Elvington karibu na York. Richard Hammond anaendesha Vampire, gari la injini ya jeti. Tairi la mbele la kulia linapasuka akiwa katika kasi ya maili 288 kwa saa, yaani kilomita 463 hivi. Gari linatoka nje ya njia na kupinduka kwenye majani. Hammond amevaa helmeti ya uso mzima na amefungwa mikanda ndani ya kizimba cha vyuma. Helmeti ilichimba ardhi mpaka kioo kikafunguka na udongo ukaingia usoni, ukamjeruhi jicho. Ubongo wake uliumia, akalala bila fahamu kwa muda. Lakini Januari 2007 alikuwa amerudi studio, akitembea na kutania.

Watu husimulia kisa hicho kama muujiza. Mimi nakiona kama kazi ya vifaa. Ndani ya helmeti kuna povu gumu ambalo kazi yake ni kubonyea. Linapobonyea, kichwa hupata sehemu ndogo ya sekunde zaidi ya kusimama, na ubongo hugonga fuvu kwa nguvu ndogo zaidi. Povu hilo likishabonyea halirudi, ndiyo maana helmeti iliyopata pigo hutupwa hata kama ganda lake linang'aa. (Na ile mnayonunua mtumba bila kujua historia yake? Sina la kuongeza.) Hammond aliumia vibaya ingawa alikuwa na kila kitu. Kwa kasi ile, bila helmeti, tusingekuwa na mtu wa kumzungumzia.

Sasa ya pili. Desemba 2022, Dunsfold. Andrew Flintoff, mchezaji maarufu wa kriketi aliyegeuka mtangazaji wa Top Gear, anaendesha Morgan Super 3. Hili ni gari la magurudumu matatu, mawili mbele na moja nyuma, lisilo na paa. Hakuvaa helmeti. Gari likapinduka. Flintoff mwenyewe ameeleza baadaye kwamba aliburutwa kifudifudi kwenye lami chini ya gari kwa takriban mita 50. Uso wake uliharibika na mbavu zikavunjika. Alijificha asionekane na watu kwa miezi mingi, na alipotokea tena hadharani makovu yalikuwa bado yanaonekana. Machi 2023 BBC iliomba radhi. Baadaye mwaka huohuo ziliripotiwa fidia za pauni milioni 9, na Novemba shirika likatangaza kwamba kipindi kimesimamishwa kwa muda usiojulikana.

Wekeni ajali hizo mbili pamoja. Hammond alikuwa na kasi ya roketi, Flintoff alikuwa kwenye gari dogo la kufurahia. Chris Harris, mtangazaji mwenzake Flintoff, alisema baadaye kwamba katika gari la namna ile, bila helmeti, hata mwendo mdogo unatosha kukuumiza vibaya. Alisema pia kwamba miezi kabla ya ajali alikuwa amewaonya wakubwa kuwa wakiendelea hivyo mtu ataumia. Harris alikuwa dereva mwenye uzoefu mkubwa kuliko wenzake wote pale, na siku ya ajali alikuwapo palepale uwanjani.

Kwangu hapo ndipo penye uzito wa kisa hiki. Yule aliyejua hakuwa na mamlaka ya kusimamisha. Waliokuwa na mamlaka walikuwa na ratiba. Tena si kwamba hakukuwa na ishara: mwaka 2019, Elvington, uwanja uleule alioumia Hammond, Flintoff alitoka nje ya njia akiwa kwenye chombo cha magurudumu matatu, akanusurika bila jeraha. Mkinusurika namna hiyo mnapata habari ya bure kutoka kwa hatari, na mara nyingi tunaitumia kama kichekesho cha kutangazia kipindi kijacho.

Nikiri pia kwamba sisi watengeneza vipindi tumewazoesha watazamaji kuona kupinduka ni mchezo. Mnakumbuka Clarkson na Reliant Robin, lile gari la magurudumu matatu lililoanguka ubavu kila kona mwaka 2010. Watu walicheka mpaka machozi. Miaka michache baadaye Clarkson aliandika kwamba difu ya gari lile, yaani gia inayogawa nguvu kwa magurudumu, ilikuwa imechezewa ili lianguke kirahisi. Lilikuwa tukio lililopangwa, kwa mwendo uliopangwa. Mimi nalipenda mpaka leo. Ila mtazamaji aliondoka akiamini kwamba gari la magurudumu matatu likianguka unasubiri wapita njia wakusaidie kulisimamisha, kisha unaendelea na safari.

Sasa niseme kuhusu uendeshaji, maana helmeti ni mstari wa mwisho, na kabla yake kuna mikono.

Staili ya vipindi vya magari tunayoijua leo imejengwa juu ya kuteleza. Unaingia konani, unakanyaga mafuta zaidi ya uwezo wa matairi ya nyuma, mkia unatoka, unageuza usukani upande wa pili na kulishikilia gari hapo huku moshi ukipanda. Ukihesabu muda, ni mwendo wa polepole. Dereva anayetafuta muda mzuri huwa hafanyi hivyo, na Stig alipohesabiwa muda hakuwa akiteleza vile. Kuteleza ni kwa ajili ya kamera, kama ilivyo kuvua helmeti. Sina ugomvi nako. Watangazaji kama Tiff Needell, aliyewahi kuendesha Formula 1, waliweza kuteleza na kuzungumza kwa pamoja kama mtu anayesoma gazeti, kwa sababu kuteleza kwao kulishaingia mwilini.

Tatizo huanza pale mtu ambaye kuteleza bado kunamtaka akili yote anapoambiwa azungumze pia, atazame kamera iliyobandikwa juu ya dashibodi, akumbuke mstari wake, kisha arudie mara ya saba kwa sababu jua limetoka nyuma ya wingu. Kila anaporudia matairi yamepata joto zaidi, breki zimechoka zaidi, naye amejiamini zaidi. Mwongozaji anaona picha inazidi kuwa nzuri. Ni kweli, inazidi kuwa nzuri kwa sababu anaukaribia ukingo.

Wala msidhani mwendo wa pole ni kinga. James May alipachikwa jina la Kapteni Polepole, na kwa haki, maana ndiye aliyewasubirisha wenzake kila mahali. Mwaka 2010, katika safari ya Mashariki ya Kati, aliumia kichwa jangwani Syria. Hakuwa akiendesha kabisa. Kamba ya kuvutia gari ilimwangusha, kichwa kikagonga jiwe, akapelekwa hospitali. Miaka baadaye, katika kipindi cha The Grand Tour, aliligonga gari kwenye ukuta wa handaki nchini Norway na kuvunjika ubavu. Mtu mwangalifu akiwekwa kwenye mchezo uliobuniwa kwa ajili ya msisimko, mchezo ndio unaotawala.

Najua mtaniuliza suluhisho la picha, kwa hiyo tulimalize. Helmeti ya uso wazi inavutia, kwa sababu mdomo na macho vinaonekana, na inaweza kufungwa maikrofoni kama za madereva wa rali. Kwa gari lenye paa na kizimba ni njia nzuri sana. Kwa gari lisilo na paa, hapana. Majeraha ya Flintoff yalikuwa usoni, mahali ambapo helmeti ya aina hiyo haifiki. Pale vaeni ya uso mzima, na kamera ndogo iwekwe karibu na kioo; macho ya mtu aliyeshtuka hueleza mengi kuliko mnavyodhani. Maneno mengine yote mtangazaji anaweza kuyasema gari likiwa limesimama. Sisi wahariri tutayaunganisha, ndiyo kazi tunayolipwa.

Na msitumie helmeti ya pikipiki kwa sababu ndiyo iliyopo stoo. Ya pikipiki ni kifaa kizuri kwa kazi yake. Uchambuzi wa tafiti uliofanywa na Cochrane, mtandao wa watafiti wa afya, ulikadiria kwamba inampunguzia mwendesha pikipiki hatari ya kufa kwa asilimia 42 na ya jeraha la kichwa kwa asilimia 69. Lakini ya magari ya mashindano, zile zenye alama ya viwango vya usalama vya Snell SA au vya FIA, hupimwa kwa mambo ambayo mwendesha pikipiki hakutani nayo: kitambaa cha ndani kisishike moto haraka, na ganda listahimili kugonga chuma cha kizimba. Moto si nadharia. Mwaka 2007 dereva wa mashindano Jason Plato alikuwa akiijaribu Caparo T1 kwa ajili ya kipindi cha magari cha Fifth Gear, gari likawaka akiwa katika kasi kubwa.

Hayo ya vifaa ni mepesi, yanauzwa. Lililo gumu ni la mamlaka. Napendekeza hivi. Kila siku ya kurekodi mwendo wa kasi, au gari lisilo na paa kwa mwendo wowote, awepo mtu mmoja anayejua kuendesha magari ya namna hiyo, asiyeonekana kwenye picha na asiyelipwa kwa idadi ya picha zilizopatikana. Yeye ndiye aseme nani avae nini, na ni mara ngapi kitendo kirudiwe. Akisema basi, ni basi, hata jua likiwa limekaa mahali pazuri. Asilazimike kueleza sababu mbele ya watu thelathini wanaotazama saa. Aeleze baadaye, kwa maandishi, na maandishi hayo yafike kwa mwenye kipindi siku hiyohiyo, ili onyo kama lile la Harris liache alama mahali.

Na mtangazaji asiulizwe. Najua hili linawaudhi baadhi yenu, mmezoea kusema "mimi ni mtu mzima, nachagua mwenyewe". Lakini mtu aliyeshawekwa ndani ya gari, maikrofoni imefungwa, kamera nne zinamtazama, hachagui. Anasoma nyuso za waliomzunguka na kutoa jibu wanalolitaka. Mnapomuuliza "Uko tayari bila helmeti?" mnahamisha mzigo tu, ili kesho muweze kusema alikubali.

Waandaaji wameniambia kuna dakika ishirini za maswali. Naona mkono umeshainuka kule nyuma, karibu na mlango. Karibu, ndugu yangu.